Vikao Vyangu Ukishaondoka

Naomi mama,

Kuanzia Kijenge mpaka Usa River hutampata mwanaume mwenye bahati kama baba yako. Mtoto wake wa pekee anaondoka kesho alfajiri kwenda Mtwara, na majuzi tu amechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ambayo mji huu haujapata kuiona. Njiro, mama. Watu wa mageti yanayofunguka yenyewe. Mikono yote ilikuwa juu, hata ya yule mjomba wa bwana harusi ambaye hanipendi tangu enzi zile. Jumanne kikao, Ijumaa kikao, mpaka Krismasi. Watu wengine watoto wao wakiondoka wanabaki wanatazama ukuta. Mimi huo ukuta sitauona, nitakuwa Njiro nagonga meza nikiomba wajumbe wanyamaze.

Kalenda yangu umeiona mwenyewe. Kijani tupu, kama mahindi ya Oldonyo Sambu mwaka ambao mvua imekubali.

Nakuandikia kwa peni, kwenye karatasi, maana simu siiamini tena kwa mambo ya ndani, na wewe unajua kwa nini. Nimekaa stoo, juu ya viti vyangu vya plastiki vya kukodisha vilivyopangwa, turubai la bluu mgongoni kama mto. Wewe umeenda Kimandolu kuwaaga wanakwaya wenzako. Jua bado lipo kidogo. Mlima umefunua kichwa asubuhi, ukatuangalia, ukajifunika. Barua hii naikunja naitia ndani ya blanketi lako zito, lile ambalo umesema Mtwara kuna joto hulihitaji na mimi nimesema utalichukua. Sasa unajua sababu. Utaisoma ukishafika, ukishafungua mizigo, wakati huwezi kugeuza basi.

Sitakuambia upike nini wala ufunge mlango saa ngapi. Hayo unayajua kuliko mimi. Mtu aliyenifundisha mimi kuosha sufuria kabla haijakauka hawezi kupewa somo la nyumba.

Nataka kukuambia kuhusu kile kitu ulichonitengenezea.

Unakumbuka kilianzaje. Kilianza na aibu ya Lemara. Mimi miaka yote niliendesha kamati za watu kwa kichwa hiki hiki. Nilishaendesha lori mpaka Lubumbashi, nikavuka mipaka ambayo askari wake hawajui Kiswahili wala Kichaga, nikala samaki wa Kasumbalesa, nikarudi salama na kila kifurushi nakikumbuka ni cha nani. Kwa nini niandike? Kuandika ni kwa watu wenye vichwa vinavyovuja. Ndivyo nilivyokuwa nasema, na watu wanacheka, na mimi nikicheka zaidi yao, maana ukweli ni kwamba mtu aliyeacha shule kidato cha pili hapendi kuandika mbele ya watu. Mkono wangu unakwenda polepole, na herufi zinalala kama ng'ombe waliochoka.

Basi kikao cha mwisho cha ile harusi kikahamisha sherehe kutoka uwanja wa Lemara kwenda Kimandolu. Tulikubaliana wote. Nadhani mimi ndiye niliyesema "imepita." Siku yenyewe nikapeleka maturubai yote, viti vyote, na vijana wangu wote Lemara. Tukafunga kamba, tukatandika mazulia mekundu, kazi nzuri ajabu. Bibi harusi yuko Kimandolu, na mvua inashuka kutoka mlimani kama imetumwa. Bibi yake alikaa ndani ya kabini ya lori la maji, amekumbatia pochi, anaangalia ndafu inaloa. Yule mbuzi mzima aliyechomwa vizuri, na majani mdomoni, ananyeshewa. Siwezi kukisahau kile kicheko cha watu. Walikuwa wanacheka kwa huruma, na hicho ndicho kicheko kibaya kuliko vyote.

Wewe ulikuwa likizo ya chuo. Hukunisema. Kikao kilichofuata, cha harusi nyingine, ukaja ukakaa kiti cha pembeni yangu, ukafungua kompyuta yako ndogo. Nilivyowatambulisha wajumbe nikasema huyu ni katibu wangu binafsi ametoka chuo kikuu, na nikaongeza vyuo viwili vya uongo. Ukanikanyaga mguu chini ya meza. Tangu siku hiyo ndiyo ikawa kazi yako: kuandika, na kunikanyaga mguu hadithi zangu zikifika Lubumbashi.

Ulipomaliza chuo ukapata kazi ofisini mjini, ukawa unachelewa kutoka, nikawa naahirisha vikao kukusubiri. Nikasema wajumbe wamechelewa. Nikasema mafuta ya gari. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakusubiri wewe, na ulijua.

Ndipo Jumamosi ile ukaniambia, "Baba, lete simu." Ukaketi kwenye kiti cha hapa hapa stoo. Mimi nilidhani utaleta mtaalamu, nilishawaona watu wa kompyuta, wanaandika mistari na mistari kama waganga. Wewe hukuandika hata mmoja. Ulikuwa unabonyeza na kuvuta vijisanduku, hiki ukakiunganisha na kile, unaniambia: kikitokea hiki, fanya hiki. Basi. Nikiweka kikao kwenye kalenda ya simu, ukurasa wa kikao unajitengeneza wenyewe. Juu jina la kikao, tarehe, mahali. Chini yake wajumbe. Halafu Ajenda. Halafu Yatokanayo na kikao kilichopita, na yale tuliyoazimia wiki iliyopita yanajileta yenyewe yamepangwa. Halafu Maazimio, na nani afanye nini. Halafu Mengineyo. Kisha kila mjumbe wa kamati anatumiwa kwenye simu yake. Kazi yangu ni kusema tu, na simu inaandika ninachosema.

Nilikwenda nayo kila mahali. Nilimwonyesha mchungaji, nilimwonyesha muuza nyama, nilimwonyesha askari wa barabarani aliyenisimamisha Kijenge Juu, akasahau kuniuliza leseni. Nikawaambia binti yangu ameitengeneza hii bila kuandika mstari. Hawakuelewa maana yake na mimi pia sikuelewa, lakini nililisema vizuri.

Hicho hicho ndicho ulichowaonyesha watu wa korosho wa Mtwara kwenye usaili. Wakakuuliza umewahi kurahisisha kazi gani, ukawaambia ya baba yako mwenye maturubai. Wakakuchukua hapohapo. Kwa hiyo ukitazama vizuri, kilichokutoa nyumbani ni kikao changu. Nimeligeuza hilo kichwani mara nyingi na bado sijajua kama nicheke.

Sasa naja kwenye lile jambo. Tulilichekelea ukaliacha, lakini halikuisha.

Uliponiambia umepata kazi Mtwara nilikupongeza kwa sauti mpaka jirani akaja. Nikanunua soda. Halafu kila jioni nikawa najiambia leo nitamwambia. Nitamwambia nini? Nitamwambia abaki. Jioni inafika, unakula, unaniuliza mbona kimya, nasema tumbo. Mimi naweza kusimama mbele ya ukumbi mzima nikawachekesha watu wanaodaiana. Mezani na mtoto wangu nashindwa kufungua mdomo. Nikasema basi, si alinifundisha kwamba jambo usilotaka kulisahau liweke kwenye kalenda? Nikaliweka. "Kuongea na Naomi abaki. Nyumbani, baada ya chai."

Ulishaniambia kalenda ni mbili, ya kijani ya kamati na ya bluu ya mambo yangu. Hiyo ya bluu sikuwahi kuigusa. Nilidhani ni ya sikukuu za serikali.

Mashine yako haina mapendeleo. Ikaona kikao, ikatengeneza ukurasa. Jina la kikao: Kuongea na Naomi abaki. Mahali: nyumbani. Ajenda, nafasi. Maazimio, nafasi. Mhusika wa utekelezaji, nafasi. Ikawatumia wajumbe wote wa ile harusi ya pili ya Lemara niliyokuwa naiongoza wakati huo, na wewe ukiwemo.

Mama Eliakimu, mhazini wetu, ndiye aliyeanza kwenye grupu. Akauliza, "Mwenyekiti, akidi imetimia?" Mwingine akaomba aalikwe kama mwangalizi, naye ana binti anayetaka kwenda Dodoma. Mwingine akasema kamati ichangie soda. Nilikuwa nimekaa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, simu inalia mfululizo, na mimi nacheka na kinyozi nikimwambia watu wananipenda sana.

Ulirudi ukaweka mkoba, ukanawa mikono, ukaanza kumenya ndizi za mtori. Hukunitazama. Ukasema, "Baba, nimepata mwaliko wa kikao."

Nikasema ulikuwa utani. Nikasema nilikuwa naijaribu mashine. Nikasema mengi, nadhani nilifika karibu na Lubumbashi, na safari hii hukunikanyaga mguu. Ulimenya tu. Nilipomaliza ukaniambia, "Nipe sababu moja."

Na mimi, mama, nikakupa ile ya kijinga. Nikasema, "Nani ataniandikia?"

Ukaweka kisu chini. "Ndiyo maana nilikutengenezea, Baba. Nilitaka siku ukinipigia simu iwe umenikumbuka, isiwe umekwama."

Nimeshapigwa na watu wengi katika nchi nne. Sijapigwa vile.

Nilipaswa kusema kwamba ni hicho hicho, kwamba mimi nikikwama ndivyo ninavyokumbuka, sijui njia nyingine. Nilitoka nje nikajifanya naangalia kama turubai limekauka. Ulipolala nilisikia bado unabonyeza. Kulipokucha ukaniambia umeirekebisha, sasa ukurasa hauendi kwa mtu mpaka jina lake liwekwe kwenye kile kikao. Ukaniambia pia, kama unataja bei ya nyanya, kwamba umewaandikia watu wa korosho kuuliza kama wanaweza kukusubiri mpaka mwakani.

Mwakani. Najua mwakani ni nini. Mama yako naye alikuwa anangoja mwakani.

Niseme kidogo kuhusu yeye, maana basi litasimama Himo na atakuwa pale barabarani na mfuko wa ndizi mbivu, na mtakumbatiana haraka haraka kabla dereva hajapiga honi, na utapanda tena ukiwa na maswali. Mama yako hakuondoka kwa ugomvi. Mimi huwaambia watu alifuata biashara Himo. Biashara aliifuata kweli, vitenge vyake vinakwenda vizuri, Mungu ambariki. Lakini jioni moja nilirudi kutoka kwenye kikao, nimeshiba, nimechekesha, nimepigiwa makofi, nikamkuta amekaa sebuleni na taa imezimwa. Akasema, "Kila nyumba Arusha unajua viti vyake vimepangwaje. Hii yetu hujui." Nikamjibu kwa utani. Hata utani wenyewe siukumbuki, na nadhani ndiyo maana aliondoka, kwa sababu haukuwa hata mzuri. Alikuwa ameniambia mara nyingi kabla ya hapo, kwa njia ya kuzunguka. Mwakani tutakaa. Mwakani utapunguza kamati. Alisubiri mpaka ile hamu ikaisha, na mtu hamu ikimwisha hapigi kelele, anakunja tu nguo zake vizuri.

Sikutaka ukae Kijenge ukisubiri kitu kutoka kwangu ambacho mimi mwenyewe sijui kukitoa.

Nikuambie jambo nililojifunza kwenye uenyekiti, na sikulisoma mahali. Kikao chochote, la maana haliji kwenye ajenda. Mtu anakaa saa nzima akijadili rangi ya vitambaa na idadi ya kreti, anakubali kila kitu. Halafu mnafika Mengineyo, watu wameshavaa makoti, baridi ya mlima inaingia mlangoni, wengine wanatafuta funguo, ndipo yeye anasema kwa sauti ndogo, "Mimi nina dogo tu." Na hilo dogo ni kwamba bwana harusi amefukuzwa kazi. Au bibi harusi ana mashaka. Au yeye mwenyewe hawezi kuchangia na aliona aibu. Nimeliona mara nyingi mpaka nikawa siwaruhusu watu kuinuka kabla sijauliza tena, polepole, nani ana dogo.

Kwa wajumbe nilikuwa hodari. Nyumbani mimi ndiye niliyekuwa na dogo, na kila siku watu wakainuka.

Ukiwa huko, mama, ukipata mtu wa kukaa naye, au hata rafiki wa kazini, usimwekee la moyoni mwisho. Mwambie chai ikiwa bado ya moto. Mimi nimekupitisha kwenye ajenda za watu wote na nikakuacha kwenye Mengineyo, na wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu hapohapo, mguu wako juu ya mguu wangu.

Nitakuambia nitakachokosa, bila kupamba. Simu inaandika vizuri. Inaandika kila neno, hata nikikohoa. Lakini haijui niache wapi. Wiki iliyopita kule kwa Mama Eliakimu, kikao cha kuvunja kamati na wewe hukuwepo, niliwapeleka wajumbe mpaka mpakani, nikawavusha, nikawalisha samaki, na hakuna aliyenizuia, wote wana heshima. Nilipotazama ukurasa baadaye, hadithi yote imo, imepangwa chini ya Yatokanayo. Nilicheka peke yangu. Halafu nikatazama chini ya meza. Sijui nilikuwa natafuta nini, ni mguu tu.

Kuna na asubuhi. Unavyopita korido unaburuta kandambili moja zaidi ya nyingine, nimejua siku zote kwamba ni wewe hata nyumba ikiwa na wageni. Kuna unavyosema "shikamoo Baba" ukiwa na mswaki mdomoni, na mimi naliitikia povu, marahaba. Hakuna kijisanduku cha kuunganisha na hicho. Nilikuuliza siku moja, unakumbuka, kama mashine inaweza kufanya mtu akiondoka kitu fulani kitokee. Ulidhani nauliza kuhusu wajumbe wanaotoroka vikao. Ukanieleza vizuri sana.

Najua utakavyokuwa Mtwara. Mara ya kwanza utasikia kila mtu anaongea taratibu kuliko sisi, utatafuta mlima asubuhi hutauona, utadhani mawingu yameuficha, halafu utakumbuka haupo. Hilo litauma kidogo. Mimi liliniuma Lusaka. Niliwadanganya wenzangu kwamba vumbi limeingia machoni, na mmoja wao, dereva wa Iringa, akaniambia na yeye vumbi limemwingia. Tulikaa pale wanaume wawili wazima, tunapangusa vumbi. Ikikupata wewe, usiseme vumbi. Nipigie. Sitaki ripoti ya kazi, sitaki kujua korosho ni kilo ngapi. Niambie tu Baba nimekukumbuka, na mimi nitajaribu kusema hivyohivyo bila kuingiza utani katikati. Sikuahidi. Nitajaribu.

Na mimi nikikupigia, usiulize nimekwama wapi.

Nasikia geti. Umerudi, na unaimba ule wimbo wa sauti ya pili ambao ukiimbwa peke yake hauna kichwa. Acha nimalize upesi.

Ulipoona kalenda yangu imejaa kijani ulicheka ukasema, "Kumbe mzee uko bize hivi, na mimi nilikuwa nakuonea huruma." Siku hiyo hiyo ukawaandikia watu wa korosho kwamba huhitaji kusubiriwa, ukatoa sanduku juu ya kabati. Nilikuona ulivyokuwa mwepesi. Hukuwa umetembea vile ndani ya nyumba hii tangu habari za Mtwara zianze. Nikajua nimefanya jambo zuri, na nikaenda stoo nikakaa na viti vyangu.

Kamati ya Njiro haipo, mama. Hakuna harusi, hakuna mjomba, hakuna mtu aliyeninyooshea mkono. Kila kikao ulichokiona nilikijaza mwenyewe kwa kidole kimoja, Jumanne baada ya Jumanne, na mashine yako ikanitengenezea ukurasa kwa kila kimoja, na penye wajumbe hakuna jina. Sina pa kwenda jioni hata moja. Nilikudanganya ili uende.

Baba.